Kesi ya kliniki na bima inakuhusu wewe uliyeumia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na ndugu zetu wa Kiswahili hapa jimbo la New York, hasa wa Buffalo, Syracuse na Utica, maana naona watu wanaumia mara mbili, kwanza barabarani halafu kwenye makaratasi.

Mimi nashughulika na bili kwenye kliniki ya fiziotherapi. Kwa asiyejua, hapa New York tangu 1974 ukipata ajali ya gari huulizwi nani kakosea, bima ya gari ulilopanda ndo inalipa matibabu na sehemu ya mshahara ulioukosa, kiwango cha kawaida ni mpaka dola 50,000, uwe dereva uwe abiria. Sheria nzuri kabisa hiyo. Kliniki inakusainisha fomu ya kuiachia haki yako ya kulipwa, inatuma bili ndani ya siku 45, na bima ikishapata vielelezo vyote ina siku 30 za kulipa au kukataa. Ikikataa, kliniki inaweza kwenda mahakamani au kwenye usuluhishi unaoendeshwa na shirika la usuluhishi liitwalo American Arbitration Association, ada dola 40, msuluhishi anasoma faili, anasikiliza maloya wa pande mbili, anaamua. Bima ikishindwa inalipa bili, riba ya asilimia 2 kwa mwezi na ada ya loya.

Mgonjwa yuko wapi hapo? Hayupo. Na wengi wakisikia kuna kesi wanasema aah hiyo ya kliniki na bima, wamalizane wenyewe. Jamani sivyo! Kuna kesi nyingi hata haziulizi kama shingo inauma kweli, zinauliza tu kama mgonjwa alienda kwa daktari wa bima, kwa sababu bima ina haki ya kukuita daktari iliyemchagua yenyewe akupime, ina haki pia ya kukuhoji chini ya kiapo, na usipotokea mara mbili bila sababu ya maana wanakataa bili zote, yaani zetu, za eksirei, za dawa, zote.

Kuna mama mmoja, abiria tu, gari lao liligongwa kwa nyuma. Barua mbili za kumwita zilikuja nyumbani kwake lakini kwenye bahasha hapakuwa na jina la bima, lilikuwa jina la kampuni inayopanga hivyo vipimo, na ndani Kiingereza kitupu, jina la bima liko chini huko kwa herufi ndogo. Akaona ni matangazo, akaziweka pamoja na karatasi za supamaketi. Alikuja kutuletea kwenye mfuko wa plastiki wakati bima imeshakataa, moja hata haijafunguliwa. Siku ya usuluhishi loya wa bima alikuwa na kopi za barua, kiapo cha aliyezipeleka posta na maandishi ya daktari kwamba hakutokea mtu, basi. Kikao kilikuwa kwa video, hakikufika nusu saa, tukashindwa, na mama mwenyewe hakujua kama siku hiyo anazungumziwa. Simlaumu msuluhishi, alifuata sheria na karatasi zilizokuwa mbele yake. Lakini inaniuma sana, kwa sababu yule mama shingo ilikuwa haigeuki kabisa na hakuna mtu kwenye kesi nzima aliyebisha hilo.

Halafu kuna mstari kwenye ile fomu ya kuhamisha haki ambao watu hawausomi. Inasema kliniki haitakudai wewe, lakini inaweza kuifuta hiyo fomu kama bima imekataa kwa sababu wewe ndo umevunja masharti. Kutotokea kwa daktari wa bima ni kuvunja masharti. Kwa hiyo bili uliyodhani ni ya wenyewe inaweza kurudi mlangoni kwako.

Na haki zako hazisemwi kwa sauti. Vipimo na mahojiano lazima viwe mahali na saa inayokufaa, na nauli pamoja na mshahara wa muda ulioukosa unarudishiwa, kanuni inasema hivyo na barua inatakiwa ikwambie. Sasa itamwambiaje mtu asiyesoma Kiingereza?

Ombi langu ni kwa idara ya serikali ya jimbo inayosimamia bima. Fomu ya kwanza ya kudai, ile ya kupeleka ndani ya siku 30 baada ya ajali, iulize mtu anasoma lugha gani, na barua za kumwita zije kwa lugha hiyo zikiwa na jina la bima juu kabisa. Kabla hawajafanya hivyo, wewe msomaji ukipata barua yoyote baada ya ajali, hata kama inafanana na tangazo, ipeleke kliniki siku hiyo hiyo, na kama tarehe haikufai piga simu kabla haijafika uombe nyingine na uombe mkalimani, uandike na jina la uliyeongea naye.

Mfanyakazi wa bili,
New York