Coventry aandikwe pia kama mwogeleaji

Ndugu Mhariri,

Tangu Kirsty Coventry wa Zimbabwe achaguliwe Machi 2025 kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akiwa mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo, tumesoma mengi kuhusu uchaguzi wenyewe na machache mno kuhusu maisha yake bwawani, jambo linalonisikitisha sana.

Kuogelea chali ni mtindo wa pekee. Mwogeleaji huanzia majini akiwa ameshika vishikio, na mbio nzima hauoni ukuta anaouendea. Bendera ndogo zilizotundikwa juu ya maji, mita 5 kabla ya ukuta, ndizo humwambia aanze kuhesabu mipigo ya mikono yake, na akikosea hesabu hata kwa mpigo mmoja tu anaweza kugonga kichwa.

Kwa mtindo huo Coventry alitwaa dhahabu ya mita 200 mjini Athens mwaka 2004, akaitetea Beijing mwaka 2008 kwa rekodi ya dunia ya dakika 2 na sekunde 5.24. Siku chache kabla ya ushindi huo alikuwa amevunja rekodi ya mita 100 katika nusu fainali, kisha fainali akashindwa na Natalie Coughlin wa Marekani. Kwangu mimi, kurudi majini baada ya pigo lile ndiko kunakostahili kuandikwa zaidi kuliko medali zake zote 7 za Olimpiki.

Naomba gazeti lako liwape waogeleaji nafasi hiyo wangali wanashindana.

Msomaji wako wa siku nyingi