Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Kwa Nini Sitaki Tujenge Banda la Pili

Ndugu wanachama, wazee wetu wa Ujiji, wajumbe wa kamati tendaji, vijana wa zamu na wageni mliofika, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na poleni kwa kusubiri akidi itimie.

Hesabu za fedha mnazo mkononi. Mhazini atazisoma baada yangu na mtamuuliza yeye. Yatokanayo na mkutano uliopita katibu ameshayapitia. Mimi nitasema mambo machache yaliyotutoa jasho mwaka huu hapa kituoni tunakotunza mbwa na paka walioachwa, halafu nieleze kwa nini sikubaliani na hoja iliyoletwa na wajumbe wa Mwanga ya hapa mjini, kwamba akiba yetu tuijengee banda la pili la wanyama. Najua wengi mnaipenda hoja hiyo. Nisikilizeni kwanza, kura mtapiga wenyewe.

Nianze na chakula. Mbwa na paka wa mji huu wa Kigoma wanalishwa na ziwa. Usiku wa giza wavuvi wakitoka na taa zao, kesho yake dagaa wameanikwa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, kunakoshushwa samaki, na hakuna paka anayelala njaa. Ikifika mbalamwezi uvuvi unapungua, nasi tumeshazoea kujiwekea dagaa waliovunjika ambao wachuuzi hawawataki. Lakini mwaka huu Ziwa Tanganyika lilifungwa lisivuliwe kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi huo. Samaki wetu mgebuka alikuwa anakwisha huku tukimtazama. Ila hakuna aliyefikiria mbwa wa mwaloni watakula nini kwa miezi mitatu, na sisi tukiwemo. Wakapanda mjini. Wakaanza kupindua ndoo za taka, kuwinda kuku, kulala kwenye baraza za watu, na simu ya katibu haikupumzika: "Njooni mchukue mbwa wenu." Wenu! Mbwa aliyezaliwa chini ya mtumbwi na kulelewa na mwalo mzima, siku akiiba kuku anakuwa wa chama.

Hapa kituoni ugali wa dona ulibaki bila kitoweo. Tukageukia utumbo na mifupa ya machinjioni. Namshukuru mama wa Gungu aliyejitolea kusimamia sufuria kila asubuhi, kwa sababu utumbo hatuutoi mbichi hata siku moja: unapitisha minyoo ya tegu kwa mbwa, na kwa mbwa inafika kwa watoto wetu. Kamati imeshakubaliana kwamba kabla ya Mei ijayo dagaa wa miezi mitatu wawe wameshanunuliwa na kuwekwa stoo, juu, mbali na panya.

Sasa la pavo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Wapo waliolia mwaka huu, na wapo ambao hawakujua kabisa kwamba tulikuwa na msiba.

Ilikuwa Februari, mvua zikiwa zimekolea. Kijana wa zamu alifika alfajiri akakuta kiroba cha unga getini, mdomo umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani kulikuwa na watoto wa mbwa wanne, wa wiki tano hivi, wameloa, mmoja akinyonya sikio la mwenzake. Aliyewaleta hakugonga wala hakuacha neno. Kijana akawafuta kwa kanga kuukuu, akawapa uji wa maziwa, akawaweka pamoja na watoto wengine tuliokuwa nao, kwa kuwa chumba kingine hakikuwepo. Mtu yeyote mwenye huruma angefanya hivyohivyo. Baada ya siku chache mmoja akagoma kula. Kesho yake wakawa wanatapika, kisha kuhara damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Daktari wa mifugo hakuhitaji kuangalia mara mbili. Virusi vya pavo havina dawa ya kuviua mwilini. Unampa mnyama dripu, unamkinga na maambukizi mengine, unamwomba Mungu. Watoto wengi wa mbwa tuliokuwa nao hatunao tena.

Kibaya zaidi, virusi hivyo vinakaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haivifanyi kitu. Kinachoviua ni jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, juu ya sakafu iliyokwisha kusuguliwa uchafu wote. Vijana wetu walikwangua sakafu kwa majembe, wakachoma matandiko, wakapiga jiki mpaka macho yakawawasha. Tukafunga mlango wa kupokea wanyama kwa muda, tukatukanwa mitaani kwamba chama kimekuwa cha jina tu. Matusi hayo tuliyavumilia, tungefanyaje?

Tangu wakati huo kila mnyama anayeingia anakaa wiki mbili kwenye chumba cha karantini, kile kilichokuwa stoo ya majembe. Anayemhudumia ana mabuti yake ya humo humo, na ndoo yake. Nawaomba sana wanachama mnaokuja na wageni: msifungue mlango ule ili mtoto apige picha na kijibwa. Nimeshawakuta wawili, na mmoja alikuwa mjumbe wa kamati.

Ndiyo maana banda kubwa halinivutii. Wajumbe wa Mwanga wanasema tukiwa na nafasi tutaokoa wengi zaidi. Mimi nasema nafasi inaita wanyama. Mbwa jike anabeba mimba siku 63 tu, na kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili. Paka hana tofauti kubwa, na paka wa miezi mitano unayemwona bado mtoto anaweza kuwa ameshabeba. Banda la pili tutalizindua kwa pilau na hotuba, na kabla mvua mbili hazijapita litakuwa limejaa, na pavo ikirudi itakuta wanyama mara mbili ya wale wa Februari, wamebanana. Fedha ileile tukiipeleka kwenye kufunga kizazi na kuhasi, tukaanza na majike wa Kibirizi na Katonga, viroba getini vitapungua. Mbwa aliyefungwa kizazi anapona kidonda kwa siku 10 hadi 14, anarudi mwaloni kwake, anaendelea kulinda mitumbwi. Hahitaji banda letu.

Na chanjo. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu. Vijana wetu walishinda juani wakiwasaidia maafisa mifugo wa kata kupanga foleni. Watoto walileta mbwa kwa kamba za katani, kwa mikanda ya baba zao, mmoja kambeba wake kwenye beseni la dagaa. Niliwasikia baadhi ya watu wazima wakisema mbwa wao hana haja kwa kuwa hatoki nje. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, kichaa kinakosa njia ya kupita. Wakiwa pungufu ya hapo, kinaendelea kututafuta, na wanaokutwa mara nyingi ni watoto.

Mwezi Julai kijana wetu mmoja aling'atwa mkononi na mbwa aliyekuwa ndiyo kwanza ameletwa kutoka mwaloni. Kabla sijafika, jirani alikuwa ameshatoa jiwe la nyoka, mwingine anatafuta mafuta ya taa. Dada wa zamu akawasukuma wote pembeni, akamwekesha kijana mkono chini ya bomba, akamsugua kwa sabuni ya mche huku akiangalia saa ya simu, dakika 15 kamili, kijana analalamika kwamba maji ni baridi. Kisha wakapanda bodaboda hadi hospitali, akaanza chanjo siku hiyohiyo. Mbwa naye tulimfunga peke yake siku 10 tukimwangalia, na alibaki mzima. Nataka kila mwanachama ajue kufanya alichofanya dada yule. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, hakuna daktari wa kukurudishia mtu wako.

Kuhusu kuwapatia wanyama nyumba, waliochukuliwa mwaka huu ni wachache kuliko mwaka jana, na mmoja wenu amenitumia ujumbe akiita hilo kushindwa. Siliiti hivyo. Waliorudishwa nao wamepungua mno. Zamani tulikuwa tunamkabidhi mbwa mtu yeyote aliyekuja akitabasamu, na baada ya mwezi tunamkuta amefungwa mnyororo wa hatua mbili nyuma ya choo. Sasa tunakwenda nyumbani kwanza. Tunaangalia kivuli, maji, ukuta au uzio, na tunaongea na mama mwenye nyumba, kwa sababu baba anaomba mbwa lakini anayemlisha ni mama. Bwana mmoja alikuja na gari zuri akitaka "mbwa mkali, mwenye asili ya kizungu", ili abandike kibao getini. Tulipomuuliza mbwa atalala wapi, akatuonyesha kwa mikono kisanduku ambacho hata kuku angelalamika. Akaondoka amenuna. Aende salama.

Upande wa Ujiji mambo yamekuwa mepesi kuliko tulivyohofia. Paka wetu wengi wamekwenda huko. Na kwa mbwa, hatumwombi Mwislamu amwingize mbwa ndani ya nyumba, wala haitatokea tumwombe. Mbwa wa ulinzi anakaa nje, kwenye banda lake, ana chombo chake. Shehe mmoja alitusaidia sana alipowakumbusha watu kwenye darasa habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Wiki ile tulipokea wazee watatu, na wote walishayajua maswali yetu kabla hatujayauliza.

Wanaotusumbua zaidi ni wafanyakazi wa kuja na kuondoka. Mradi ukiisha au uhamisho ukitoka, mbwa anaachiwa mlinzi, mlinzi naye anaondoka. Hawa nimeagiza tuwaulize mapema: mkataba wako unaisha lini, na mbwa utamfanyaje? Mbwa anasafirishika. Anahitaji cheti cha chanjo na kibali cha daktari wa mifugo, na aliye tayari kutafuta tiketi yake mwenyewe anaweza kutafuta na hivyo viwili.

Nimalizie na zamu. Jumamosi tuna watu wa kuogesha vijibwa kuliko vijibwa vyenyewe. Jumatatu asubuhi dada wa zamu yuko peke yake na uchafu wa wiki nzima. Wageni wanatoka Ulaya, wanapanda boti Kibirizi kwenda kuwaona sokwe wa Gombe, ambako mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika mwaka 1960, na kila shule hapa inalijua jina lake. Wanaojua ni wachache kwamba yeye mwenyewe alikuwa akisema aliyemfundisha mapema kuwa wanyama wana akili na hisia ni mbwa wa utotoni mwake, Rusty. Nimewaeleza hayo wanafunzi wa sekondari mbili, na zamu ya Jumatano sasa ni yao. Wanasugua vizuri kuliko sisi watu wazima, na hawaombi chai.

Kwa hiyo napendekeza mkutano huu ukatae ujenzi wa banda la pili, na akiba igawanywe: sehemu kubwa kwa kufunga kizazi na chanjo, sehemu kwa dagaa wa akiba, na kiasi kidogo kwa kuweka sakafu ya saruji na mlango wake wenyewe kwenye chumba cha karantini. Pia wapatikane wanachama wa kwenda kuwatembelea waliochukua wanyama, wiki ya kwanza na mwezi wa tatu. Nauli ya bodaboda chama kitalipa. Kazi hiyo haina picha za kupendeza, na fomu ya kujiandikisha iko kwa katibu, mezani kwake, kushoto mwa daftari la mahudhurio. Mpaka naanza kusoma ilikuwa na majina manne.

Naomba kuwasilisha.