Barua kwa Mwanahamisi kuhusu ringi za Corolla

Gatineau, Québec
2 Novemba 2025

Dada yangu mpenzi Mwanahamisi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Baba Salma na watoto mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, ila mama mkwe anasumbuliwa na goti tangu baridi ilipoanza, na Bi Tatu hukusalimu kila anaponipigia simu kutoka Tanga. Nimekaa kimya tangu ule msiba wa Pangani, nawe hukunilaumu hata kwa neno moja, jambo lililonifanya nione haya zaidi. Lakini ujumbe wako wa Alhamisi usiku umeniondolea usingizi, na ndiyo maana nimekaa chini kuandika badala ya kukutumia sauti ya dakika mbili ambayo ungeisikiliza huku ukipika.

Umeniambia kwamba Corolla yenu ya mwaka 2010 ilipogongwa kwa nyuma mwezi wa Agosti, bima ikalihesabu gari kuwa halitengenezeki, magurudumu manne ya baridi, yaani ringi zikiwa na matairi ya theluji, yalikuwa salama chini ya nyumba, na kwamba sasa mmepata Honda Civic ya mwaka 2011 na mnataka kuyahamishia huko. Ukasema matundu ya nati ni matano kwenye ringi na bolti ni tano kwenye gari, basi kwa nini fedha zipotee? Halafu ukamalizia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba yakikataa kuingia, Shaabani ameahidi kutoboa matundu mapya kwenye ringi. Hapo ndipo usingizi uliponipotea. Nakuomba kwa undugu wetu wote: asitoboe, na ringi hizo zisifungwe kwenye Civic kwa njia yoyote ile.

Simlaumu Shaabani, kwa sababu najua moyo wake, na najua kwamba angetoa shati lake mwilini kukusaidia. Lakini idadi ya matundu peke yake haitoshi. Kinachotazamwa ni duara linalopita katikati ya matundu hayo matano. Kwenye Corolla yenu duara hilo lina kipenyo cha milimita 100, na kwenye Civic lina milimita 114.3. Unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa rula ya Salma ya shule: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani yake. Kwenye ringi za Corolla utapata takriban milimita 59, na kwenye gurudumu lililofungwa kwenye Civic utapata takriban milimita 67. Zile milimita nane hazisukumiki kwa nguvu ya mkono wala kwa nyundo. Ukitoboa matundu mapya pembeni ya yale ya zamani, chuma kilichobaki katikati yake kinakuwa chembamba, na ni chuma hichohicho kinachobeba uzito wa gari, abiria, na kila shimo la barabarani ambalo baridi ya mwezi wa Februari imelichimba.

Kuna kipimo cha pili, nacho ni lile tundu kubwa la katikati ya ringi ambalo huvaa juu ya habu, yaani kile kitovu cha gari kinachobeba gurudumu. Kwenye Corolla ni milimita 54.1, na habu ya Civic inataka 64.1. Kwa hiyo hata kama bolti zote tano zingekubali kwa muujiza, ringi isingefika kukaa mahali pake. Ingesimama mbele ya habu kama mgeni asiyekaribishwa ndani.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini jambo hili linanigusa hivi, maana sikuwahi kukusimulia, na nadhani nilinyamaza kwa hofu ya kumtia wasiwasi marehemu mama. Mwaka 2018 niliuza ile Mazda3 niliyoanzia maisha huku, nikabaki na magurudumu yake ya baridi kwa sababu matairi yalikuwa bado mazima, kisha nikanunua Civic yangu, ambayo unaikumbuka. Hapo hali ilikuwa ya hatari zaidi kuliko yako, kwa sababu ringi ziliingia. Duara lilikuwa lilelile la 114.3, matairi ya ukubwa uleule, nami nikamshukuru Mungu kwa kuokoa mamia ya dola. Fundi wa karakana moja alizifunga kwa nati za Civic, akanikabidhi ufunguo, nikaondoka.

Tundu la katikati la ringi za Mazda lilikuwa milimita 67.1, na habu ya Civic ni 64.1. Gurudumu halikukaa juu ya habu. Lilikuwa limening'inia kwenye nati peke yake. Nati zenyewe nazo hazikuwa zake, kwa sababu nati za asili za Honda zina kitako cha mviringo kama mpira, ilhali ringi zile zilichongwa kwa nati zenye kitako cha pia, yaani kilichochongoka. Kitako cha mviringo ndani ya tundu lililochongwa kwa umbo la pia hugusa kwenye mstari mwembamba tu. Hukaza vizuri siku ya kwanza, kisha hulegea. Siku ya tatu nilikuwa kwenye barabara kuu ya 50 nikielekea Lachute, Hamza mdogo akiwa amelala kiti cha nyuma, na nilipofika mwendo wa kilomita 90 kwa saa usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu. Nilidhani ni barafu iliyoganda ndani ya ringi, kwa kuwa hiyo pia hutetemesha gari. Nilipotoka barabarani karibu na Montebello na kushuka na tochi, nati mbili za gurudumu la mbele kushoto zilizunguka kwa vidole vyangu. Kwa vidole, Mwanahamisi, tena nikiwa nimevaa glavu.

Sijawahi kuisahau ile nati ya pili ilivyozunguka bila ubishi. Nilisimama pale kwenye baridi nikimtazama mtoto kupitia kioo, nikazikaza kwa wili spana iliyokuwa kwenye buti, nikarudi nyumbani kwa mwendo wa kilomita 40 huku taa za hatari zikiwaka. Fundi mzee aliyenisaidia baadaye alinionyesha kwamba ringi zile zingeweza kutumika kihalali kabisa kama zingewekewa pete ya kujaza ile nafasi kati ya habu na tundu, nje milimita 67.1 na ndani 64.1, pamoja na nati za kitako cha pia zenye uzi uleule wa bolti. Lakini imani yangu nazo ilikuwa imekwisha, nikanunua ringi nne za chuma zinazofaa Civic.

Ringi hizo ninazo mpaka leo. Civic niliiuza mwaka jana na matairi yake ya kiangazi tu, na gari langu la sasa, RAV4, lina magurudumu makubwa zaidi, basi zimelala stoo zikiwa na karatasi katikati yake ili zisichubuane. Ni za inchi 16, duara la 114.3, tundu la katikati 64.1, kwa nati zilezile za Honda ambazo tayari zipo kwenye gari lenu. Ni zako. Hilo ndilo jambo la kwanza nililotaka kukuambia, na sijui kwa nini nimelifikia ukurasa wa pili.

Kwa hiyo fedha ulizoogopa kupoteza huenda zisipotee, kwa sababu tairi na ringi ni vitu viwili. Tairi linaweza kuvuliwa kwenye ringi ya Corolla, likavalishwa kwenye ringi ya Civic, likapimwa mizani na kujazwa upepo, mradi lenyewe linafaa. Katika picha uliyonitumia nimesoma ubavuni 205/55R16 91T. Yaani upana wa milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, ringi ya inchi 16, uwezo wa kubeba kilo 615 kwa kila tairi, na mwendo usiozidi kilomita 190 kwa saa. Civic nyingi za mwaka huo huvaa ukubwa huohuo, lakini usinisadiki mimi. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo, usome kilichoandikwa. Kama kimeandikwa 195/65R15, nijulishe kabla hatujamlipa fundi yeyote.

Kinachonitia shaka zaidi ni umri wake. Unasema ni kama mapya kwa sababu yametembea kidogo, na nakuamini kuhusu mwendo, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tazama tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3618, tairi lilitengenezwa wiki ya 36 ya mwaka 2018. Tarakimu hizo mara nyingi ziko upande mmoja tu wa tairi, basi msiposoma kitu, geuzeni upande wa ndani. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisivuke miaka kumi hata likionekana zima, na likipita mitano likaguliwe na fundi kila mwaka. Mpira wa tairi la baridi umetengenezwa ubaki laini hata joto likishuka chini ya nyuzi 7, na ulaini huo ndio unaoshika barabara. Ukikauka, mnabaki na umbo la tairi la baridi bila kazi yake. Bonyeza kwa ukucha, tazama nyufa ndogondogo kwenye mizizi ya mifereji iliyochongwa usoni mwa tairi. Nakumbuka Baba Neema alikuwa nayo kabla yenu, na hapo ndipo hesabu yangu ya miaka inaponiogopesha.

Kina cha mifereji nacho kipimwe. Sheria ya Québec inaridhika na milimita 1.6, lakini kwenye theluji kiasi hicho ni kipara tu. Serikali ya Kanada yenyewe hushauri tairi lililokaribia milimita 4 lisitumike kwenye barabara yenye theluji. Huku wengi hutumia sarafu ya senti 25, ile yenye kichwa cha mnyama mwenye pembe: idumbukize kwenye mfereji pua ikiwa chini, na kama ncha ya pua bado inaonekana, tairi halistahili msimu mwingine. Pimeni sehemu kadhaa za kila tairi, kwa sababu mara nyingi ukingo mmoja huisha kabla ya mwingine.

Wala usikubali lile wazo la Baba Salma la kufunga mawili ya mbele tu endapo mawili yatakutwa mabovu. Gari linaloshika mbele na kuteleza nyuma huzunguka kama pia katikati ya kona, na sheria pia inataka yote manne. Najua kwamba kule Windsor, Ontario, hamkulazimishwa, lakini Québec ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, na faini yake ni dola 200 hadi 300. Kila tairi liwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M na S (tope na theluji) peke yake hazikubaliwi tena.

Siku ya kufunga, mwambie fundi asugue kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya kabla ya kuweka ringi, akaze kwa mpangilio wa nyota, yaani akirukia nati ya upande wa pili badala ya ile ya jirani, na amalizie kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa Civic ile ni niutoni mita 108. Kisha baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikazwe tena, na hili tafadhali lisimamie mwenyewe, hata akikuambia si lazima. Mimi sasa hufanya hivyo kila mwaka, na kila nati inapokataa kuzunguka moyo wangu hutulia.

Nina mapumziko kuanzia Jumamosi tarehe 8, na nimekwisha kumwambia Hamza kwamba tutakuja Sherbrooke. Ringi zitakaa kwenye buti, na kama nafasi itaruhusu nitaongeza ule unga wa muhogo uliouliza.

Sasa nijibu haya, tafadhali. Tarakimu nne za DOT ni zipi kwa kila tairi, kwa yote manne? Kibandiko cha mlangoni kinasemaje? Magurudumu mliyahifadhi wapi: mbali na lile tanuri la kupashia nyumba joto, au yalilala karibu nalo miezi yote hii? Je, Shaabani amekwisha kugusa ringi yoyote kwa keekee? Kama ametoboa hata moja, usimgombeze, lakini uitenge isije ikafungwa kwenye gari la mtu mwingine. Nati zilizopo kwenye Civic ni za asili, au mwenye gari wa kwanza alizibadilisha? Unaweza kufungua moja na kunipigia picha ya kitako chake? Fundi wa karibu nanyi ana nafasi Jumatatu ya tarehe 10, maana mwezi huu wote wanajaa? Na Salma anaendeleaje na Kifaransa?

Nisalimie Baba Salma, na umwambie Shaabani kwamba nitamletea kahawa. Nijibu kabla ya Ijumaa jioni, kwa sababu nataka kupakia ringi usiku huo, na kama kibandiko kikisema inchi 15 sitazibeba. Tutatafuta nyingine nikifika.

Wako dada,
Rukia