Shangazi, nirudi mara ya tatu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 21, mzaliwa wa Mombasa, nimekulia Birmingham, Uingereza. Mama hukesha akihudumia wazee ili mimi nicheze baleti. Tumeishi hivyo tangu nilipokuwa na miaka tisa.

Juzi nimepata kazi ya kucheza kwenye meli ya watalii: mkataba wa miezi minane, mshahara unaoushinda wa mama. Natakiwa kutia saini kabla ya Ijumaa ijayo. Jumamosi yake ndiyo siku ya majaribio katika kampuni moja ya baleti iliyokwisha kunikataa mara mbili. Mara ya kwanza hawakutoa sababu. Ya pili, mwalimu alinivuta kando akasema miguu yangu haina kasoro, ila nikisimama kati ya wenzangu, macho ya watazamaji yote yanakuja kwangu. Nilidhani ananisifu!

Kampuni hiyohiyo iliwahi kuniazima Krismasi moja, mchezaji wao alipoumia. Nikapewa poda nyeupe, nijipake uso, shingo na mikono, tufanane sote. Nikajipaka, Shangazi, hata swali sikuuliza. Mama akanipiga picha, akaitia fremu na kuitundika sebuleni, nyingine akamtumia bibi Mombasa. Bibi, ambaye ujanani alicheza lelemama na hachoki kutusimulia, akapiga simu: "Mjukuu wangu, umetakata!" Tangu siku hiyo nikipita sebuleni naangalia chini.

Baadaye nikasoma habari za Janet Collins, Mmarekani mweusi. Akiwa na miaka 15, Ballet Russe de Monte Carlo, kampuni maarufu ya baleti, walikuwa tayari kumchukua mradi ajipake weupe. Akakataa. Mwaka 1951 akaingia Metropolitan Opera, jumba kubwa la opera la New York, akacheza nafasi za mbele kabisa. Miaka 15 tu, naye alikuwa na mdomo wa kukataa.

Marafiki hunitajia Raven Wilkinson, mchezaji mwingine Mmarekani mweusi, aliyekataliwa na hao hao Ballet Russe mara mbili, akapokewa ya tatu, mwaka 1955. Hadithi huwa wanaikatia hapo. Hawasemi kwamba kusini mwa Marekani alifukuzwa hotelini, Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, wakamsaka hadi jukwaani, na mwishowe ilibidi aende Uholanzi ndipo apate kazi tena. Isitoshe, yeye alikuwa mweupe kiasi cha kuweza kupita bila kutambuliwa kuwa ni mweusi. Mimi ni mweusi tii.

Najua mambo yamesogea. Tangu 2018 Freed of London wanauza viatu vya baleti vya rangi ya kahawia. Kabla ya hapo mimi na mama tulikuwa tukivipaka vile vya waridi fandesheni yake mezani jikoni, hadi vilingane na miguu yangu. Lakini poda ile niliipaka baada ya viatu hivyo kutoka.

Mama anasema niende na meli, nimepigishwa hodi vya kutosha. Habari ya poda haijui. Anadhani ni taa za jukwaani. Nami ninachoogopa si kukataliwa tena. Naogopa wakinikubali, kisha wanipe ile poda, nami ninyamaze kama mwanzo.

Je, nirudi au nitie saini? Na mama nimwambieje? Desemba anakwenda Mombasa, na ile picha ameshaipeleka kukuzwa.

Aliyejipaka,
Birmingham