Ameona ujumbe, hajajibu, anasema ndiyo tiba

Shikamoo Shangazi,

Sasa ni saa kumi alfajiri, sijafumba jicho. Tiki mbili za buluu zipo tangu saa tano usiku. Mume wangu, dereva wa lori, ameona, hajajibu. Neno moja tu, "nimefika", lingempunguzia nini?

Usiniambie nitafute mshauri, ninaye, tuko kikao cha 7, na hii tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya hofu yangu naielewa. Kinachonitesa ni kule kutojua. Nikiuliza nikajibiwa, moyo unatulia dakika 10, kisha unaanza upya: kafika sawa, je breki? Kila jibu linauzoesha moyo kuamini kwamba bila jibu hauwezi. Ndiyo maana tukaambiwa tupunguze. Hilo silipingi.

Lakini tulipanga ngazi, Shangazi! Akiwa njia ya Tunduma nilikuwa namtumia meseji 15 kwa siku. Wiki ya kwanza zikawa 8, ya pili 4, ya tatu ilikuwa iwe 1: akishaegesha lori usiku aandike "nimefika", basi. Hofu nyingine naziandika na kuzisubirisha hadi saa kumi na mbili jioni. Hapo nazikalia nusu saa. Za kushughulikiwa nazipangia la kufanya, zile za "je ikiwa" naziacha zilivyo, hata zikiwasha. Nafanya yote hayo. Yeye ile ngazi ya mwisho kaing'oa, eti mshauri kamkataza kunijibu. Si kweli, nilikuwepo.

Na daftari najaza. Naandika ninachotabiri, nina uhakika asilimia ngapi, kilichotokea, nilimudu vipi. Wiki jana niliandika "lori limepinduka, asilimia 80". Kumbe tairi lilipasuka karibu na Mafinga wakalala hapo hapo. Kwenye "nilimudu vipi" niliandika: niliswali, nikapata usingizi saa nane. Safu hiyo wengi huiruka, nami niliiruka mwanzoni, kumbe ndiyo yenye uzito, maana hata jambo likitokea kweli inakuonyesha hukuvunjika.

Nikiri na hili. Asipojibu nampigia utingo. Mara mbili, labda tatu. Najua ni kuuliza kule kule kwa mlango wa uani, na usiku huo jaribio la kukaa bila jibu linaharibika, kwa sababu moyo unajiambia umepona kwa sauti ya utingo. Lakini ningefanyaje, na mwenye simu kanyamaza? Jana hata utingo hakupokea.

Kuna jambo sijaliandika daftarini. Kabla ya tiba alikuwa ananijibu hata akiwa kwenye mzani. Sasa amepata ruhusa ya kukaa kimya. Nitajuaje ukimya upi ni wa tiba na upi ni wa mtu anayeficha alikolala? Mshauri nikimwambia, atanirudisha pale pale: huko ndiko kutojua ninakojifunza kukaa nako. Labda. Sitaki kumpeleleza mume wangu, sina tabia hiyo. Nataka nipone. Nataka anijibu.

Nikimdai ile meseji 1 tuliyokubaliana mbele ya mshauri, nadai haki yangu au ni ugonjwa unaongea? Maana ameona, Shangazi. Tangu saa tano ameona.

Mke wa dereva,
Kibaha