Betri Yangu na Ua Lako

Langoni, Lamu

Kwako sahibu yangu Famau,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Kusi imeshika, samaki ni wa kubahatisha, Bi Zena amejifungua mtoto wa kike, na mama anauliza utarudi lini. Haya, salamu zimetosha.

Wewe bwana umenikosea. Miezi mitatu kimya, kisha unanitumia picha ya kimmea cha manjano na maneno mawili matatu: "Betri yako ndiyo itakayokiua hiki." Ndiyo salamu za huko kwenu Nevada, Marekani, hizo?

Betri yenyewe ya sola unajua ilivyonitoa jasho. Tangu mfungo wa mwaka juzi naidunduliza. Kutoka gatini ilibebwa na punda wa Kassimu, yule mkaidi, akagoma katikati ya njia, kila apitaye akaipapasa kama bibi harusi. Lakini tangu fundi aifunge, friza zangu mbili hazizimi usiku, manahodha wakija alfajiri barafu ipo, na lile jenereta limenyamaza. Nilikuwa natembea kifua mbele. Sasa nikiitazama pale ukutani naona ua.

Nikaenda kusoma, nia yangu nikukute mwongo. Sikukukuta. Mtaalamu wa mimea Arnold Tiehm aliligundua ua lako mwaka 1983, likaitwa kwa jina lake, Eriogonum tiehmii, na duniani kote halioti kwingine ila hapo Rhyolite Ridge. Ukikusanya pote linapoota, ni kama hekta 4 tu. Hekta 4, Famau! Shamba la babako Matondoni lingelimeza likabakisha nafasi ya mbuzi. Na udongo linaoupenda ndio huohuo wenye boroni na lithiamu, madini ya kuundia betri kama yangu. Mimea mingi inaukimbia. Lenyewe likavumilia hadi likawa mwenye nyumba, na sasa nyumba ndiyo inayotakiwa.

Desemba 2022 serikali ya Marekani ililiandika miongoni mwa mimea iliyo hatarini kutoweka, ikalitengea kama hekta 368 za makazi. Nikasema alhamdulillahi, limeokoka. Nasoma mbele: Oktoba 2024, serikali ileile ikauruhusu mgodi wa lithiamu papo hapo. Wanasema maua yenyewe hayataguswa, shimo litakuwa kando. Labda. Lakini mwaka 2020 kuchakuro na wenzao waliguguna mizizi kwa kiu ya ukame, mimea zaidi ya 17,000 ikaharibika. Kitu cha kuharibiwa kiasi hicho na kuchakuro, ukichimbie shimo la mgodi ubavuni?

Nilimweleza Mzee Bwanamkuu barazani. Akauliza, "Linaliwa?" Nikamwambia na kuchakuro tu. Akarudi kwenye kahawa yake.

Lakini usinijie na mahubiri. Si mimi na wewe tuliokataa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi? Wewe ulikauka sauti, mimi nikapoteza kiatu. Leseni ilipofutwa Juni 2019, tulisema nini siku ile? Tulitaka jua na upepo. Haya, jua nimelichukua. Sasa likizama, nalo lataka pa kulazwa, na pa kulilaza ndipo hapo kwenye lithiamu. Makaa tumeyakataa, dizeli inakula faida yote, betri nayo ina ua la watu. Nirudi kwenye koroboi? Barafu ya koroboi umeiona wapi?

Najituliza kwamba betri yangu ni ya mwaka jana, na mgodi huo bado haujatoa hata kijiko. Kisha nakumbuka kwamba lithiamu yake ilitoka mahali fulani, na huko nako huenda palikuwa na... basi, tuyaache. Usiku ule sikulala vizuri, friza zikivuma.

Sasa nijibu. Ua umeliona kwa macho yako au picha umeiokota tu? Linanukia? Wale waliofungua kesi kuupinga mgodi wamefikia wapi? Mbegu zake zikipandwa kwingine zinashika, au zinanuna kama punda wa Kassimu? Na ile kazi ambayo Mwana Esha anasema umeiomba, ya kuendesha malori, ni ya mgodi gani?

Anza na hilo la mwisho.

Nduguyo,
Shee