Filamu za vita vya Wagiriki zipimwe kwa ngao

Ndugu Mhariri,

Kurasa za burudani zinapopanga filamu za vita vya Ugiriki ya kale, ile ya mwaka 2006 ya Wasparta 300 huwekwa juu kabisa, na ile ya mwaka 1962 inayosimulia vita hivyo hivyo vya Thermopylae, njia nyembamba ya Ugiriki ambako Wagiriki wachache walilizuia jeshi la Waajemi, hushushwa chini kwa kuitwa ya kizamani. Naomba nafasi nipinge mpangilio huo. Kama kinachopimwa ni rangi na kasi, sina ugomvi. Lakini anayetaka kuona Wagiriki walipigana vipi atapata mengi zaidi kwenye filamu kongwe, na pa kuanzia kutazama ni kwenye ngao.

Ngao ya askari wa miguu wa Kigiriki ilikuwa duara la mbao lenye upana wa karibu sentimeta 90 na uzito wa kilo 7 hivi, mara nyingi ikiwa na bati jembamba la shaba nyeusi kwa nje. Mkono wa kushoto ulipitishwa kwenye kikuku kilichokuwa katikati mpaka karibu na kiwiko, kisha vidole vikakamata kamba ya ukingoni. Kwa ushikaji huo karibu nusu ya ngao ilitokeza kushoto kwa mwenye nayo, ikimkinga jirani. Ubavu wa kulia wa mwenye ngao ukabaki kwenye amana ya mwenzake. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki, akieleza vita vya Mantinea vya mwaka 418 KK, anasema majeshi yote yalikuwa yakisogea upande wa kulia yanapokwenda kukabiliana, kwa sababu kila mtu alijibanza kwenye ngao ya aliye kuliani kwake.

Kwa hiyo kuchomoka kwenye safu lilikuwa kosa, hata kama aliyechomoka aliua wengi. Aristodemus, Msparta aliyerudi hai kutoka Thermopylae na kudharauliwa kwao, alipigana kwa ukali sana kwenye vita vya Plataea mwaka uliofuata, 479 KK, akafa. Mwanahistoria Herodotus anamwona kuwa ndiye aliyepigana vizuri kuliko wote. Wasparta wenzake walimnyima heshima, wakisema aliiacha safu kwa sababu alitaka kufa.

Filamu ya 2006 inaijua kanuni hii. Leonidas mwenyewe, mfalme wa Wasparta, anamweleza Ephialtes, mtu anayeomba kujiunga nao, kwamba kila Msparta humkinga aliye kushoto kwake kuanzia paja hadi shingo, na msukumano wa kwanza na Waajemi unaonyeshwa hivyo hivyo, ngao kwa ngao, miguu ikikita ardhini. Ni dakika nzuri sana. Kisha safu inafunguka, Leonidas anatoka mbele peke yake, picha zinapunguzwa mwendo, na tangu hapo kila mmoja anapigana vita vyake, kifua wazi. Wasparta wa kweli hawakwenda vitani vifua wazi; mwenye uwezo alivaa kinga ya kifua ya shaba au ya tabaka za kitani, na vikinga miguu.

Sababu ya waongozaji kuvunja safu inaeleweka. Safu iliyopangwa sawasawa haionyeshi sura ya mtu. Helmeti ya Kikorintho ilifunika uso wote isipokuwa macho na mdomo, na ngao ilificha mwili kuanzia kidevu hadi magotini. Mwigizaji aliyelipwa fedha nyingi hawezi kufichwa hivyo, basi helmeti inasukumwa nyuma au inavuliwa, ngao inatupwa, na upanga unachomolewa mapema. Silaha ya kwanza ilikuwa mkuki wa mita 2 hadi 2.5, wenye ncha ya pili ya shaba kwenye kitako, ambayo ilitumika mkuki ulipokatika. Upanga ulikuwa wa akiba. Kwa maelezo ya Herodotus, ni siku ya tatu ya Thermopylae, mikuki mingi ilipokwisha kuvunjika, ndipo panga zikachukua kazi.

Filamu ya 1962, iliyoongozwa na Rudolph Maté huku Richard Egan akiwa Leonidas, ilitumia maelfu ya askari halisi wa jeshi la Ugiriki. Watu waliozoea gwaride hutembea kama kundi moja, na hilo haliigizwi kirahisi. Ardhi nayo inasaidia. Filamu ilipigwa Perachora, karibu na Loutraki, kwa kuwa Thermopylae yenyewe haifai tena: mto Spercheios umejaza tope na kuisukuma bahari mbali kilomita kadhaa, na palipokuwa njia nyembamba leo ni tambarare pana. Perachora pana maji upande mmoja na kilima upande wa pili, na mtazamaji anaelewa mara moja kwa nini wachache waliweza kuwazuia wengi. Pia filamu hiyo inakumbuka kwamba Wathespia, Wagiriki wa mji wa Thespiae, walibaki na Wasparta hadi mwisho. Walikuwa 700, zaidi ya mara mbili ya wale 300 wanaoimbwa.

Haina usahihi wote, na mapenzi ya vijana wawili yaliyoingizwa humo yanakula muda bure. Ila mwisho wake ni wa kweli: waliobaki wanamalizwa kwa mishale. Mwaka 1939 mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alichimba kilima cha Kolonos, hapo Thermopylae, akakuta vichwa vya mishale kwa wingi. Filamu ya 2006 nayo imefuata jambo hilo, ipewe haki yake.

Kuhusu idadi, wasimulizi wanaotutafsiria filamu hizi kwa Kiswahili wapunguze mamilioni. Herodotus anampa Xerxes, mfalme wa Waajemi, ambaye wengi humtambua kuwa ndiye Ahasuero wa Kitabu cha Esta, askari wa miguu 1,700,000. Wanahistoria wengi wa leo hawafiki huko, hukadiria kati ya 100,000 na 300,000, maana chakula, maji na barabara visingetosha.

Filamu ya Kiitaliano ya Marathon ya mwaka 1959 ni ya misuli ya mwigizaji Steve Reeves. Mpango wenyewe wa Wagiriki katika vita vya Marathon vya mwaka 490 KK, yaani kupunguza watu katikati na kuimarisha pembe mbili ili adui abanwe, hauelezwi ipasavyo. Ile ya Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, ya mwaka 2004 ni bora zaidi kwa upande wa vita: uwanja wa vita wa Gaugamela una vumbi, mikuki mirefu ya Kimakedonia inashikwa kwa mikono miwili, na maandishi yanamwambia mtazamaji kama yuko kushoto, katikati au kulia mwa jeshi. Kwenye filamu yoyote yenye wapanda farasi, tazama miguu yao. Wagiriki hawakuwa na rikabu, yaani vikanyagio vya miguu vinavyoning'inia kwenye tandiko.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba waandishi wenu wakihakiki filamu hizi waseme japo kwa aya moja: safu inakaa muda gani kabla ya kuvunjwa, mkuki unatumika au ni pambo, na kama ardhi iliyoonyeshwa inaeleza kwa nini vita vilipiganwa pale.

Wako,
Msomaji wa kurasa za filamu,
Tanga